Shangazi na Taa ya Pili

Kuna watu wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa giza, na kuna wanaoogopa wakwe. Fundi umeme wa gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta aliogopa magari, na magari ndiyo yaliyomlisha.

Hakuyaogopa yakiwa yamesimama. Gari lililopandishwa juu ya mawe manne, bila magurudumu, alilipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wa jirani. Hofu yake ilianza pale gari lilipowashwa na mtu akaingia, akafunga mlango kwa furaha, hasa akiwa mtu anayemfahamu. Miaka ishirini na mbili ya kufungua dashibodi za watu ilikuwa imemfunza kwamba kati ya abiria na kaburi kuna waya mmoja mwembamba, mara nyingi umefungwa kwa selotepu, na aliyeufunga alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Gereji nzima ilimwita Shangazi, hata wanaume waliomzidi umri. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutafutia ule wa kwanza, na koti la kazi ambalo mifuko yake ilitobolewa na tindikali tangu enzi alipokuwa mchajishaji wa betri. Aliwahi kuolewa na dereva, kwa miaka sita, na hayo ndiyo yote atakayokuambia kuhusu jambo hilo. Kazini alikwenda kwa miguu, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi. Akilazimika kupanda gari alikaa mbele, akashika mkanda kwa mikono miwili, na kukanyaga sakafu kila kona. Zulia la upande wa abiria katika gari la kaka yake lilikuwa limetoboka mahali pa mguu wa kulia, pale alipokanyaga breki isiyokuwapo.

Huyo kaka alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na mtaa ulimwita Redio. Jina hilo halikuhitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyekaa naye dakika tano. Alizungumza akikata, alizungumza akishona, alizungumza pini zikiwa mdomoni, na hajawahi kumeza hata moja. Kila alichokitaja kilikuwa kimeongezeka njiani: manyunyu yalifika kwako yakiwa mafuriko, wageni wawili wakawa msafara. Watu wake walimpenda na walikuwa na desturi ya kugawanya kwa mbili. Kuhusu hofu ya dada yake alikuwa na maoni. Kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, wahenga walisema. Redio alisema wahenga hawakutembea sana, kwani kwa mwoga hakuendi kitu chochote, hafungui mlango.

Siku ya Alhamisi saa nne asubuhi Redio aliingiza gari lake gerejini. Lilikuwa gari dogo la miaka ishirini na sita, umri unaozidi ndoa nyingi za mtaa ule, na lilitunzwa kwa maneno zaidi kuliko kwa vipuri. Alisema taa zimewaka mbele yake, mbili, nyekundu na njano, kama harusi. Alisema pia kwamba kesho yake saa mbili asubuhi anamteremsha mama yao hospitali ya macho, upande wa pili wa mlima, kuondolewa mtoto wa jicho. Miadi ilingojwa miezi minne, na akiikosa atarudishwa mwisho wa foleni, pamoja na jicho lake. Kwa hiyo mdogo wangu, alisema, nifanyie mambo. Kisha akaenda kumsimulia mtu mwingine.

Sasa ni lazima kumtaja mwenye gereji, ambaye kosa la siku ile lilipitia mikononi mwake kwa nia njema kabisa. Walimwita Mwenyeji, kwa sababu ya adabu yake. Mwenyeji aliamini gari ni mgeni, na mgeni haulizwi shida yake kabla hajapewa maji. Hivyo kila gari lililoingia, hata kabla halijazimwa vizuri, yeye mwenyewe alifungua boneti na kulikirimu: maji kwenye rejeta, oili kwenye injini, mafuta ya breki kwenye kopo lake. Wateja walimsifu. Baadhi yao waliondoka bila kutengenezewa chochote, wakiwa wamepona. Hakuna fundi aliyewahi kumwambia kwamba mgonjwa anayeoshwa damu mlangoni anamfikia daktari akiwa msafi, na daktari hana pa kuanzia.

Shangazi alipoketi kwenye usukani na kuwasha, ilibaki taa moja, ya njano. Aliitazama nyekundu pale ilipopaswa kuwa, akangoja, haikuja. Akafungua boneti, akalitazama kopo la mafuta ya breki: limejaa hadi kwenye mstari, mafuta safi, rangi ya asali changa. Alijua desturi ya Mwenyeji kama mtu anavyojua rangi ya ukuta wa chumba chake, yaani hakuwa ameiona kwa miaka mingi. Akafanya hesabu ambayo ukoo mzima huifanya. Redio alisema mbili. Gawanya kwa mbili.

Taa ya njano si taa ya kifo, na hilo lilimpa pumzi. Kila gurudumu la gari lile lina sensa ndogo, kama kidole, inayohesabu mizunguko na kupeleka habari kwenye kompyuta. Sensa moja ikinyamaza, kompyuta huzima ule msaada wa kuzuia magurudumu yasiteleze, huwasha taa ya njano, na breki za kawaida hubaki kama zilivyokuwa kwa babu zetu. Nyekundu ndiyo mbaya. Nyekundu, kama hukusahau breki ya mkono, inasema mafuta yamepungua, na mafuta ya breki hayanywewi na mtu. Yakipungua, yamekwenda mahali.

Alichomeka mashine ya kusoma hitilafu. Ikamtajia sensa ya gurudumu la nyuma, kushoto: mawasiliano yanakatika. Shangazi alikuwa na msemo wake kuhusu mashine ile, akiwatajia mafundi wapya bila kuchoka: mashine inamtaja anayelia, haimtaji aliyempiga. Alhamisi ile aliusahau. Alijilaza chini ya gari, akapima sensa kwa mita, ikawa nzima. Akatikisa waya, ukawa mzima. Akafungua plagi yake nyuma ya gurudumu na kukuta imelowa. Hapo ndipo furaha, mgeni asiyemzoea, ilipomwingia. Maji kwenye plagi ni ugonjwa mzuri kuliko yote: hauhitaji kipuri na hauhitaji kumwomba mtu. Aliifuta kwa kitambaa, akakausha, akasugua pini hadi zikang'aa, akapaka grisi, akafunga, akafuta kumbukumbu ya mashine. Aliendesha uani mizunguko mitatu. Taa ikazimika na ikabaki imezimika. Kitambaa akakiacha juu ya sanduku lake la vifaa, akaenda zake nyumbani kwa miguu, na inasemekana alikuwa akiimba.

Ijumaa saa tatu kasorobo alifika, akaweka chai yake juu ya benchi na kuvuta sanduku. Lilikuwa sanduku la bati alilolipaka mwenyewe rangi ya kijani, tabaka mbili za rangi nzuri, ili lisichanganywe na ya wengine. Aliondoa kitambaa cha jana. Chini yake rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Aliigusa kwa kidole, ikafuatana na kidole, na bati likaonekana jeupe.

Maji hayafanyi hivyo. Petroli hupunguza mng'ao tu. Oili haifanyi kitu. Ndani ya gereji kuna kimiminika kimoja tu kinachovua rangi usiku mmoja namna ile, na kila fundi amewahi kukimwaga juu ya gari la mteja na kujuta. Alikinusa kitambaa. Alikisugua kati ya vidole viwili, na kiliteleza.

 Alikaa juu ya tairi, kitambaa mkononi. Kisha mambo yakamjia, kwa mpangilio mbaya wa vitu vilivyo wazi. Plagi haikulowa maji. Ililowa mafuta ya breki, yaliyotoka ndani ya ngoma ya gurudumu lile, ambako kuna silinda ndogo yenye raba, na raba imechoka. Sensa ilikuwa imelia tu kwa sababu ilimwagiwa. Na yeye alimfuta machozi shahidi, akamrudisha nyumbani.

Alimwita Mwenyeji. Alimwuliza, kwa sauti aliyoikopa kwa mtu mwingine, kama jana aliongeza chochote kwenye kopo la breki la gari la kaka yake.

"Niliongeza, Shangazi," alisema Mwenyeji, akifurahi kukumbukwa. "Karibu chupa nzima. Lilikuwa na kiu."

Basi taa zilikuwa mbili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Redio alitaja idadi kamili ya kitu, na hakuna aliyekuwa tayari.

Saa ya ukutani ilisema tatu na dakika tano. Redio aliondoka saa mbili. Mlima huanza baada ya mwendo wa nusu saa, saa nzima ukisimama kuzungumza na watu, na Redio husimama. Kupanda si neno. Kuteremka ni kona saba, breki kila kona, na kila breki ni pampu inayosukuma mafuta yale mapya ya ukarimu kupitia raba iliyochoka. Shangazi alimpigia kaka yake. Simu iliita hadi ikachoka. Akapiga tena, na tena, na mara ya nne akakumbuka kwa nini haipokelewi: yeye mwenyewe, mwaka juzi, alimwapisha Redio kwa kaburi la baba yao kwamba hatashika simu akiwa barabarani. Kati ya viapo vyote ambavyo Redio ameapa, kimoja tu alikitimiza, na ndicho hicho.

Fundi wa breki, mtu wa maneno machache ambaye benchi lake lilipakana na la Shangazi, alikuwa amekwisha kuiona ile rangi kwenye sanduku. Hakuuliza. Alikuwa akitia silinda mpya ya gurudumu kwenye mkoba, na viatu vya breki, na chupa, na alikuwa amewasha pikipiki yake. Shangazi akamwashiria kwa mkono aizime, ili asikie. Alikuwa akimpigia mama yake.

Mama alipokea kwenye mlio wa sita, kwa sababu simu yake hukaa ndani ya mfuko, ulio ndani ya mfuko mwingine.

Hapa msomaji mwenye haraka atauliza kwa nini Shangazi hakupiga kelele mara moja. Hamjui mama huyu. Bintiye angeruka salamu, mama angejua kuna kifo, angemgeukia mwanawe na kumwambia asimame sasa hivi, na Redio, mtoto mtiifu, angekanyaga pedali kwa nguvu zake zote, na yale yaliyobaki yangekwisha. Kwa hiyo alisalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Ninyi mmeamkaje?"

"Sisi wazima. Mguu wako?"

"Umepona, mama."

"Uliupaka ile dawa?"

"Niliupaka." Hakuupaka. Jasho lilimtiririka mgongoni kama mtu anamchora mstari. "Mmefika wapi, mama?"

"Tunateremka. Kona ya kwanza tumeipita."

"Na kaka anasemaje?"

"Hasemi," mama akajibu. Kukawa na mlio wa injini tu. "Tangu kona ile amenyamaza. Nilidhani nimemkosea."

Shangazi amewahi kusikia habari nyingi mbaya katika maisha yake, nyingine kwa maandishi. Hakuna iliyozidi hiyo. Fundi wa breki, aliyesimama karibu akisikia, alivua kofia yake, kisha akaona jambo lenyewe linafanana na nini, akaivaa tena.

"Mama, mbele ya kaka, pale penye saa zake, kuna taa inawaka?"

"Wewe nawe. Ningekuwa naona taa, tungekwenda hospitali kufanya nini?" Mama aliinama, walisikia mkanda ukilia. "Ukungu tu. Upande wa kulia kuna wekundu."

"Basi ibonyeze simu kile kitufe cha sauti kubwa, halafu umshikie kaka karibu na sikio."

"Si ulimkataza simu?"

"Leo namruhusu."

"Na kaburi la baba yenu?"

"Baba ataelewa, mama."

Kulikuwa na mpapaso mrefu. Katika mpapaso huo Shangazi aliiona barabara yote. Aliijua kuliko dereva yeyote, kwa sababu madereva hutazama mbele na yeye miaka yote alitazama mahali pa kufia. Alijua kila ukingo uliobomoka, kila jiwe, kila nguzo iliyong'olewa na gari la nani na lini. Alijua pia, kwa kuwa mwoga ni mtu wa kujiandaa, kila mahali ambapo gari lisilo na breki lingeweza kuegemea bila kuua mtu. Hajawahi kumwambia yeyote. Angechekwa.

Sauti ya injini ikawa kubwa.

"Kaka. Ukikanyaga inashuka hadi wapi?"

"Chini," alisema Redio. Ilikuwa taarifa fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

"Halafu inashika?"

"Kidogo."

Shangazi alifumba macho. Breki za gari lile zimegawanywa njia mbili, ya mbele na ya nyuma, ili moja ikifa nyingine ibaki. Ya nyuma imekufa. Hiyo kidogo ni ya mbele, ikibeba peke yake gari zima, mtu mzima, mzee mmoja na mlima. Inabeba hadi ipate moto. Ikipata moto, haibebi.

"Hiyo kidogo ni ya mbele, na ipo. Usiimalize. Uko gia gani?"

"Nne."

"Tia tatu. Usikae kwenye klachi, tia na uachie." Walisikia injini ikipanda sauti. "Sasa mbili."

"Inalia."

"Iache ilie."

Injini ililia kweli, mlio wa kitu kinachovuliwa ngozi, na katikati yake mama aliuliza jambo ambalo halikusikika.  Shangazi alikuwa amesimama uani, juu ya ardhi ambayo haikuwa ikienda popote, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga udongo.

"Ukimaliza kona ya tatu, kushoto kwako, kabla ya ya nne, kuna lundo la kokoto walizoacha watengeneza barabara. Unalikumbuka?"

"Hapana."

"Lipo. Linaanza baada ya jiwe lililopakwa chokaa. Magurudumu ya kushoto yaingize mle, taratibu, kama unaegesha. Breki ya mkono, bonyeza kitufe chake kwa dole gumba na usikiachie, vuta kidogo kidogo. Itashika upande wa kulia tu, wa kushoto umelowa mafuta. Gari litataka kwenda kulia. Lisikilize, lakini usilitii."

"Kulia kuna korongo, mdogo wangu," alisema Redio.

"Ninajua kilichoko kulia."

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya Redio, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Fundi wa kweli hupenda kushika. Yeye alikuwa ameshika kijisimu chenye mlio wa injini ndani yake. Aliisikia kona ya pili kwa jinsi mlio ulivyojikunja. Alisikia pedali ikipigwa, mara moja, mara mbili, tapu, tapu, kama mtu anayebisha kwenye nyumba asiyo na hakika kama ina watu. Alisikia lori likipanda na kupita, karibu sana. Mwenyeji alikuwa amekuja kusimama nyuma yake na chupa ya mafuta ya breki mkononi; hakujua aiweke wapi, wala hakuna aliyemwambia. Kona ya tatu ilichukua muda usio wa kawaida. Kisha mama akasema, kwa utulivu wa mtu anayesoma tangazo, kwamba anaona kitu cheupe, na Redio akatoa sauti ambayo haikuwa neno.

Kokoto zilinguruma. Kitu kikagonga, kikaburuta, kikagonga tena. Halafu simu ikawa kimya kabisa, hata injini.

Shangazi hakusema haloo. Aliogopa kuisema ikakosa wa kuijibu. Alihesabu, bila kutaka, na alikuwa amefika tisa.

"Wewe," ilisema sauti ya mama. "Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Tumesimama. Gari limelala kidogo upande. Kaka yako ameshuka, anasema anatazama tairi." Mama alisikiliza. "Anatapika."

Shangazi aliapa miaka mingi kwamba hatapanda pikipiki mpaka atakapopandishwa akiwa maiti. Siku ile alipanda akiwa hai, ingawa si kwa kiwango kikubwa, akamkumbatia fundi wa breki kiunoni kwa namna ambayo ingezua maneno kama wangeonekana na mtu asiyejua sababu. Kwenye mteremko alifumba macho, na kona tatu akazihesabu kwa tumbo.

Gari lilikuwa limezama kwenye kokoto hadi nusu ya magurudumu ya kushoto, pua yake ikitazama mlima. Nyuma yake, kati ya alama ya gurudumu la kulia na ukingo wa korongo, kulikuwa na nafasi ya kupita mtu mmoja asiye mnene. Alama za tairi zilionyesha kwamba, kabla ya kuja kushoto, gari lilikwenda kulia kwanza na kuangalia. Shangazi alizitazama alama hizo mara moja, akageuka.

Mama alikuwa bado kwenye kiti chake, mkoba mapajani, mkanda umefungwa. Alitaka kujua saa. Redio alikuwa amekaa juu ya kokoto. Alikuwa na rangi ya karatasi ya kukatia mitindo, na aliponyanyua mkono kumsalimu dada yake, mkono ulikwenda kwingine.

Fundi wa breki alichimba kokoto kwa mikono, akainua gari kwa jeki na kung'oa gurudumu na ngoma yake. Mafuta yaliyokuwa ndani yalimwagika chini kama chai iliyosahauliwa. Raba ya silinda ilikuwa imepasuka, na viatu vya breki vimelowa chapachapa. Alisema "Hii hapa," na hayo yakawa maneno yake ya saa nzima. Alitoa silinda ya zamani, akafunga mpya na viatu vipya, akasafisha, kisha wakaanza kutoa hewa kwenye mipira ya breki: yeye chini na spana, Redio kwenye pedali, piga, piga, shikilia. Shangazi alisimama kwenye kopo akitia mafuta na kuhesabu, na alipomaliza alichora mstari kwa kalamu mahali yalipofika, akamtaka kila mmoja autazame. Redio alisema ameuona. Mama, ambaye hakuona kitu, alisema naye ameuona, ili kazi iendelee.

Wakisubiri fundi akaze boliti za gurudumu, Shangazi alimsogelea kaka yake.

"Uliniambia mbili."

"Nilikuambia."

"Nilidhani ni moja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wewe, kaka."

Redio aliliwaza jambo hilo. Mtu angetegemea ahamaki, na alikuwa na haki yote. "Umri wote huu," alisema hatimaye, "nimesema idadi kamili mara moja tu, nikakupa wewe." Kisha akanyamaza tena, na Shangazi akatambua kwamba angelipa chochote asikie uongo mrefu kuhusu mvua.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Hospitali hupokea wa miadi hadi saa sita. Gari jipya, la mtu mwenye huruma na kiyoyozi, lilisimama, na mwenyewe akajitolea kumteremsha mama. Shangazi alikwisha kumfungulia mama mlango na kuchukua mkoba. Mama hakutoka.

"Lile silijui ubovu wake," alisema. "Hili nishaujua."

Walimsihi. Mwenye huruma alieleza kwamba gari lake ni la mwaka jana. Mama alimshukuru, akamwombea safari njema, na akabaki na mkanda wake. Miezi minne ameingoja siku hii, alisema, na dakika zinakwenda. Redio akajongea kwenye mlango wa dereva. Mama akasikia hatua zake na kumtambua.

"Si wewe. Mikono yako inacheza, nimeisikia kwenye funguo. Ataendesha mdogo wako."

Shangazi alikuwa na leseni. Aliipata ili aweze kujaribu magari uani, na uani ndiko ilikokaa. Hajawahi kuendesha mteremko hata mmoja, na alisema hivyo. Alisema pia kwamba anaogopa, neno ambalo kila mtu alimwambia yeye lakini yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka mbele ya mama.

"Najua," alisema mama. "Huyu alikuwa haogopi, na umeona alikotuweka. Ingia."

Aliingia. Alirekebisha kiti, akarekebisha kioo, akarekebisha kiti tena. Aliwasha. Taa zote za dashibodi ziliwaka pamoja, kama inavyopasa, halafu zikazimika moja moja, na alingoja nyekundu izimike, na ilipozimika aliendelea kungoja. Aliikanyaga pedali: ikawa ngumu, juu, nzuri. Aliikanyaga tena. Fundi wa breki alikuwa ameshika pikipiki yake mbele, akigeuka kumtazama. Redio alikaa nyuma, magoti pamoja, kama mtoto aliyepewa lifti.

Aliingia barabarani kwa gia ya pili. Kona ya nne aliichukua kwa mwendo ambao mbuzi aliyekuwa ukingoni aliulinganisha na wake na kuendelea kula. Kila alipopita hatua hamsini aligusa pedali, bila sababu, hapakuwa na kitu mbele. Mama alimwuliza kama kuna tatizo. Hakuna, mama. Korongo lilikuwa pale pale kulia alikolijua. Kona ya tano. Mikono yake ilikuwa imelowa hadi usukani ukateleza, akaifuta mmoja mmoja kwenye koti la kazi, kwa haraka, kama anayeiba.

Nyuma yao lori lilitokea, likakaribia, likapiga honi ndefu.  Shangazi hakuongeza mwendo. Alikanyaga breki kidogo, kuona kama ipo. Ilikuwapo. Baada ya hatua hamsini akakanyaga tena.